Rais wa kuomba Mungu sawa, lakini atamfuta rafiki yake?

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji aliyesema ati shida ya Kenya ni moja tu, tutafute mtu wa roho safi tumpe kiti 2027 na mengine yatajipanga. Niko hapa Nakuru na nataka kumjibu bila matusi, maana huku tulikaa jirani na rais miaka 24 na uzuri wake tuliuona kwa macho.

Mzee Moi pombe alikuwa hagusi, Jumapili kanisani hakosi, na msafara wake ungeweza kusimama tu kando ya barabara asalimie wamama wanaouza mahindi. Sisi tuliosoma praimari enzi hizo tulikunywa maziwa ya Nyayo, ile pakiti ya pembe tatu unafungua kona na meno, na mpaka leo ukimsema vibaya mbele ya watu wa rika langu lazima mmoja akukumbushe hayo maziwa. Haya, sikatai. Lakini ni wakati huohuo watu walikuwa wanateswa kwenye vyumba vya chini ya Nyayo House, lile jengo la serikali Nairobi, kashfa ya dhahabu hewa ya Goldenberg inakula mabilioni, na 1992 kwenye vita vya kikabila watu wa Molo na Olenguruone nyumba zimekuwa majivu, wanalala kanisani na watoto. Uzuri wa mtu binafsi ulikuwepo kweli, sidhani alikuwa anaigiza, ila haukufika huko.

Tukienda Marekani, Jimmy Carter ndiye mtu mzuri kuliko wote waliokalia hicho kiti, hata waliompinga walikubali. Alifundisha sande skul kijijini kwake Plains mpaka uzee, akafa Desemba 2024 na miaka 100. Alipoingia 1977 aliuza yoti ya rais, alibeba begi lake mwenyewe, halafu akaamua kukata miradi 19 ya maji na mabwawa ya wabunge kwa sababu aliona ni pesa za kupoteza. Pengine alikuwa sawa! Lakini wengi walikuwa wabunge wa chama chake na hakukaa nao chini kwanza, basi wakanuna na mambo yake mengi yakakwama Bungeni. Bei za vitu zikapanda, Wamarekani 52 wakashikwa mateka Tehran siku 444, na 1980 Reagan akamshinda vibaya sana.

Sasa mwangalie Lyndon Johnson, rais wao wa miaka ya sitini. Huyo alikuwa na mdomo mchafu, anaongea na wasaidizi wake akiwa ameketi chooni mlango wazi, anamsogelea seneta mpaka pua zigusane. Na ndiye aliyepitisha sheria ya haki za raia 1964 na ya watu weusi kupiga kura 1965, kwa sababu alijua kila seneta anataka nini na anaogopa nini. Huyohuyo akazama Vietnam na vijana wakafa maelfu, kwa hivyo msinielewe vibaya, sisemi tutafute mhuni.

Ninachosema ni hiki. Kwa chama chetu cha akiba na mikopo tulikuwa na mweka hazina, mama mcha Mungu kabisa, shilingi ya mtu haibi, ila kukatalia rafiki zake mkopo hawezi, na mwisho wa mwaka tukagawana makaratasi. Upole wa hivyo ukiwa Ikulu ni hatari. Kibaki aliyemrithi Moi naye alikuwa mtu mtulivu wa gofu, hana makuu, 2003 akafanya elimu ya msingi iwe bure na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia shule, hadi mzee Maruge wa Eldoret akavaa yunifomu na miaka 84. Lakini kashfa ya tenda hewa ya Anglo Leasing ilipoiva, John Githongo, mtu aliyemteua yeye mwenyewe apigane na ufisadi, akajiuzulu 2005 akiwa Uingereza, na wale wakubwa wakaendelea na maisha.

Kuna uzuri mmoja ambao mimi naujali, ule unaomgharimu mwenyewe. Carter aliuonyesha 1979 alipomweka Paul Volcker benki kuu, jamaa akapandisha riba mpaka watu wakalia, na bei zikashuka baadaye Reagan akiwa ndani anapigiwa makofi. Hiyo ni roho safi, ingawa kura haikumletea.

Kwa hivyo mhariri, wagombea wakianza kuja hapa uwanja wa Afraha na biblia mkononi, tafadhali waandishi wenu wasiwaulize kama wameokoka. Waulize: taja mtu wako mmoja, rafiki wa karibu ama shemeji, uliyemnyima tenda au kumfuta kazi ukiwa na uwezo wa kumbeba. Na mchapishe jibu lenyewe ukurasa wa kwanza, hata kama ni kukohoa tu.

Msomaji wenu,
Nakuru