Wabunifu wa michezo ya ubao wasikimbilie kiwandani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaotaka kuishi kwa kubuni michezo ya ubao. Wengi huja na wazo zuri, mchoraji wameshamlipa, na swali lao ni moja: nani atatuchapia? Hapo ndipo fedha zinapoteketea. Aliyelipia karata 100 za rangi hana moyo wa kutupa 40 kati yake, na kutupa ndiyo kazi yenyewe.

Sampuli ya kwanza imalizike kwa jioni moja: karatasi nyeupe, penseli, mkasi, dadu mbili, na vifungo vya nguo vya rangi nne viwe kete. Kata vipande vya milimita 63 kwa 88, ukubwa wa kawaida wa karata, kisha kila kimoja kitie ndani ya kijifuko cha plastiki pamoja na karata kuukuu nyuma yake, fungu lipate ugumu wa kuchangika. Karata ikionekana ina nguvu kupita kiasi, unachomoa karatasi, unaandika nyingine, mchezo unaendelea wachezaji wakiwa bado wameketi.

Kabla hujamwita mtu, cheza peke yako ukishika nafasi za wote, walau mara tano, na upige hesabu. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba hupatikana kwa njia 6, kumi na mbili kwa njia 1 tu. Ukiweka tuzo kubwa kwenye 12 katika mchezo wa mitupo 40, takriban mchezo mmoja kati ya mitatu utaisha bila 12 kutokea hata mara moja, na tuzo uliyoihangaikia itabaki pambo. Muda nao una hesabu yake. Wachezaji wanne, raundi kumi, dakika mbili kwa zamu: dakika 80. Mwongeze wa tano, zimefika 100, na kila mmoja anangoja dakika nane mpaka zamu imrudie. Kungoja huchosha kuliko urefu wa mchezo. Dawa yake ni kuwapa wanaongoja jambo la kuamua, au kuigawa zamu kubwa iwe mbili fupi zinazozunguka haraka.

Marafiki ni wajaribu wa mwanzo tu, maana watakusifu. Usiwaulize kama wamependa. Tazama nani ameshika simu na ni raundi ya ngapi, nani amejua ameshindwa mapema akabaki kusindikiza wenzake, karata ipi haijachukuliwa na yeyote katika michezo mitatu. Mchezaji akikuambia mahali panapomkera, mwamini. Akikupa tiba, ipime kwanza, kwa kuwa yeye ameuona mchezo mara moja na wewe mara hamsini. Badilisha jambo moja kwa kila jaribio, uandike namba ya toleo na tarehe. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi limeponya na lipi limeharibu.

Halafu lipo jaribio ambalo wengi hulikwepa, nalo ndilo ninalowasihi wasiliruke: boksi limefungwa, watu wanne ambao hawajawahi kuuona mchezo, kijitabu cha kanuni, na mbunifu kimya pembeni na daftari lake. Kimya kabisa, hata wakikosea. Karata inasema, "Chukua karata moja." Mchezaji anapeleka mkono kwenye fungu la katikati, anausimamisha, anauhamishia kwenye karata zilizotupwa, kisha anatazama karata alizoshika jirani yake. Mwenzake amefungua kijitabu, kidole kinashuka ukurasa wa 3, kinapanda, kinaruka mpaka wa 5. Hakipati kitu. Wanakubaliana wanavyojua wao, na kuanzia hapo wanacheza mchezo mwingine ambao hukuubuni. Sentensi ilitakiwa iseme, "Chukua karata ya juu kutoka fungu la katikati," na kijitabu kieleze fungu likiisha inakuwaje. Ukishaliita "fungu" ukurasa wa kwanza, usiliite "rundo" ukurasa wa nne, msomaji atatafuta kitu cha pili mezani. Sare ya alama pia husahaulika sana. Kijitabu kianze na lengo, kifuate vifaa na idadi yake, picha ya meza iliyopangwa, zamu, mwisho wa mchezo, na jinsi ya kuhesabu alama, na kila kanuni ngumu iwe na mfano. Kila swali walilouliza ni kasoro ya maandishi. Rekebisha, tafuta watu wanne wengine, rudia hadi kundi zima limalize bila kukutazama.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari za uchapaji. Viwanda vingi hupanga karata 54 au 55 za ukubwa wa kawaida kwenye shiti moja, yaani karatasi kubwa ya kuchapia, kwa hiyo karata ya 56 inaweza kukulipisha shiti zima. Punguza. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, rangi ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, na maandishi yakae mbali na mstari huo kwa kiasi hichohicho. Kete nyekundu na za kijani zitofautiane kwa umbo pia, kwa ajili ya wasioona tofauti ya rangi hizo.

Wapo wanaoficha mchezo wakihofia kuibiwa. Mficha uchi hazai. Hakimiliki kwa kawaida hulinda maandishi na michoro, hailindi namna ya kucheza, na mchapishaji anachotafuta ni mchezo uliokwisha kujaribiwa. Mpelekee ukurasa mmoja: idadi ya wachezaji, umri, dakika, orodha ya vifaa, na kile kinachoutofautisha na mingine.

Akiukubali, soma mkataba pole pole. Mrabaha, yaani fungu la mbunifu kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huwa kati ya asilimia 4 na 8 ya bei ya jumla, lakini neno "bei" lifafanuliwe: kabla au baada ya punguzo na usafirishaji? Lizzie Magie wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya mchezo wake mwaka 1904, akapata nyingine ya toleo jipya mwaka 1924, na mwaka 1935 kampuni ya michezo ya Parker Brothers ikanunua haki zake kwa dola 500, bila mrabaha. Mchezo uliotokana na kazi yake ni Monopoly, maarufu duniani. Dai pia kipengele kinachosema kwamba mchezo usipochapwa ndani ya miezi mliyokubaliana, au ukiadimika madukani bila kuchapwa tena, haki zote zinakurudia wewe, na miezi hiyo iandikwe kwa tarakimu.

Mbunifu wa michezo ya ubao