Ukichukua fomu, acha kiti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu wenyeviti wetu wa vijiji. Magazetini wanazungumzwa wabunge na mawaziri, lakini sisi huku Newala serikali tunayoigusa kwa mkono ni ya kijiji.

Tarehe 27 Novemba 2024 tulipanga foleni tukamchagua mwenyekiti wa miaka mitano. Nilimpa kura yangu, sifichi, kwa kuwa aliahidi kusimamia migogoro ya mipaka ya mashamba, ambayo kwetu imeshavunja undugu wa watu wengi. Mwishoni mwa Juni 2025, miezi saba tu, tukasikia amechukua fomu ya kuomba udiwani. Kesi ya kwanza aliyoikuta ofisini, ya wajukuu wa babu mmoja wanaogombania mikorosho kumi na minne, ilikuwa bado iko palepale.

Juni na Julai huku ni wakati wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mikorosho inatoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unanyemelea, na ukichelewa kupuliza umeumia msimu mzima. Pembejeo za ruzuku zinagawiwa kwa majina. Jina lako likikosekana, au ukiandikiwa pungufu, wa kwanza kumkimbilia ni mwenyekiti, akuthibitishe kwamba wewe ni mkulima wa pale na shamba ni lako. Mtu huyohuyo jioni anapita nyumba kwa nyumba kuomba aungwe mkono.

Sisemi aliiba mfuko hata mmoja. Sina ushahidi na sitaki kumsingizia mtu. Nasema nilichokiona. Nilikuwa ghalani nyuma ya baba mmoja wa makamo aliyeandikiwa nusu eka badala ya eka sita. Kabla hajataja shida yake alianza hivi: "Mwenyekiti, sisi pale nyumbani wote tuko na wewe." Hakuna aliyemuuliza. Alijua mwenyewe cha kutanguliza.

Agosti, kwenye kura za maoni za chama, kura zake hazikutosha. Bwana mkubwa akarudi kwenye kiti chake kama mtu aliyetoka kidogo kununua vocha, na hapo ndipo tulipoonja ubaya wenyewe. Kijana wangu alihitaji barua ya utambulisho. Nilimpelekea mwenyekiti asaini, akaitazama, akailaza chini ya chupa ya chai, akasema, "Mzee wangu, wewe si ulikuwa upande ule?" Kisha akacheka, ikawa utani. Alisaini siku ya tatu. Siku tatu si nyingi, nakubali, lakini nilizihesabu.

Huku kwetu mnajua kangomba. Mtu anakujia ukiwa na dhiki, ananunua korosho zako kwa bei ya kutupa, nje ya ghala na nje ya mnada, halafu yeye anakwenda kuziuza bei ya maana. Serikali inaipiga vita kila msimu. Kwa macho yangu, alichofanya mwenyekiti ni kangomba ya kura. Alizichukua zetu za Novemba kwa ahadi ya miaka mitano, akaenda kuziuza kwenye soko kubwa kabla hazijakauka.

Wenzetu wengine wamelitungia sheria jambo hili. Texas, kule Marekani, kwa ofisi nyingi za ngazi ya kaunti, katiba ya jimbo inasema ukitangaza tu kwamba unagombea kiti kingine huku umebakiza zaidi ya mwaka mmoja na siku 30, umeshajiuzulu, hata barua huandiki. Arizona wanakuruhusu kugombea ukiwa ofisini endapo tu uko kwenye mwaka wa mwisho wa muhula wako. Hapo ndipo ninapotaka tuchukue kipimo: ni muda gani wa watu umebaki mkononi mwako? Diwani anayeomba ubunge muhula wake ukiwa unakwisha hajamnyang'anya mtu kitu. Mwenyekiti aliyebakiza miaka minne na miezi kadhaa ni habari nyingine kabisa.

Jirani zetu Kenya wanamtaka mtumishi wa umma aachie ofisi miezi sita kabla ya uchaguzi. Kwa ule wa 9 Agosti 2022 mwisho ulikuwa 9 Februari. Ila wabunge na magavana sheria hiyo haiwagusi; waliotunga wamejikumbuka. Na Florida, ambako sheria ya namna hii ipo miaka mingi, waliilegeza mwaka 2023, wakati Gavana Ron DeSantis anajiandaa kuutafuta urais. Sheria hizi ni ngumu kwa mdogo, kwa mkubwa zina mlango wa uani.

Hapa nyumbani Katiba inasema mbunge akiacha chama chake, ubunge wake umekwisha. Basi ukikihama chama unapoteza kiti, ila ukiwahama waliokuchagua unabaki nacho! Hata kwa wateule tumeona: mwaka 2020 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alikwenda kuomba ubunge wa Kigamboni, na ofisi ikapewa mwingine. Hakushinda kura za maoni, na ukuu wa mkoa haukumsubiri.

Najua nitajibiwa kwamba nawafungia njia wanyonge, kwamba tajiri anaweza kuacha kazi ajaribu bahati lakini maskini hawezi. Kwa mwalimu au nesi hoja hiyo ina uzito, tena mkubwa. Kwa mwenyekiti wa kijiji haina. Kile kiti hakina mshahara, kina posho ya kuungaunga. Kinachomfanya akishikilie ni saini, daftari, na watu kumsubiri barazani, na hivyo hasa ndivyo mgombea hapaswi kuwa navyo. Gharama ya kuziba pengo? Halmashauri ya kijiji inaweza kumteua mmoja wao akaimu hadi uchaguzi mdogo.

Ninachoomba wahusika wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, waandike kwenye kanuni ni kidogo: mwenyekiti wa kijiji, mtaa au kitongoji mwenye zaidi ya mwaka mmoja uliobaki, siku anayochukua fomu ya chama chochote, kiti kiwe wazi. Uchaguzi wa vijiji hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja, kwa hiyo 2029 na 2030 tutarudi hapahapa.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nilinyoosha mkono nikauliza kama mwenyekiti anaweza kutuahidi kumaliza muhula aliobakiza. Alipekua karatasi zake, akanijibu kwa upole kabisa kwamba swali hilo halimo kwenye ajenda.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara