Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gunia Limejaa, Punje Imebeba Nini?

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa, maana ndilo lililotupa kazi kubwa kuliko jambo jingine lolote mwaka huu. Tulichapa kipeperushi kilichosema kwamba ngano imeshapoteza theluthi ya protini yake kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Kilisambaa, kikasomwa, kikanukuliwa hata kwenye mikutano ambayo hatukualikwa. Kisha mwanachama mwenzetu, mwalimu mstaafu, akatuandikia swali fupi: "Theluthi hiyo mmeipimia shamba gani?"

Tukarudi kwenye makaratasi, tukaona aibu. Theluthi ile ipo kweli, ila si ya ngano. Ni ya chavua, yaani unga wa ua, ya goldenrod, ua la mwituni la Amerika Kaskazini. Watafiti walipima mimea iliyokaushwa na kutunzwa na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani tangu 1842, wakakuta protini ya chavua hiyo imeshuka kutoka takriban asilimia 18 hadi 12 kufikia 2014. Walio hatarini hapo ni nyuki, wanaotegemea chavua hiyo kujijenga kabla ya majira ya baridi. Sisi tuliitoa kwa nyuki tukamtwisha mkulima wa ngano.

Kipeperushi kile nilikiidhinisha mimi, na saini ni yangu. Nakala zilizobaki tumezichana. Gharama ya uchapaji mtaikuta kwenye hesabu za mweka hazina, imeandikwa waziwazi kuwa ni ya kipeperushi hicho. Nimekataa isifichwe chini ya "mengineyo".

Baada ya hapo kamati iliunda kikundi cha kusoma namna hewa ukaa inavyobadilisha lishe ya mazao, kikakutana kila mwezi. Naeleza kwa kirefu kidogo kilichopatikana, kwani wengi wenu hamkuweza kuhudhuria.

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ukaa angani ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni. Mwaka 2013 kituo cha kupima hewa cha Mauna Loa, Hawaii, kilisoma zaidi ya 400 kwa mara ya kwanza, na leo tumepita 420. Kwa mmea hewa hiyo ni chakula. Ikiongezeka, mmea hutengeneza sukari na wanga kwa wingi, hunenepa, na mara nyingi mavuno hupanda. Lakini zinki na chuma havitoki hewani, vinatoka ardhini, na mizizi haiongezi kasi kulingana na majani. Ni kama kuongeza maji chunguni bila kuongeza chumvi. Tena hewa ukaa ikiwa nyingi, matundu madogo ya majani hubana, mmea hunywa maji machache, na madini yanayosafiri na maji hayo kuifikia mizizi hupungua. Kwa protini kuna la zaidi: mmea unaopata hewa ukaa kwa urahisi huhitaji kiasi kidogo cha kimeng'enya cha kuinasa, na kimeng'enya hicho, ambacho chenyewe ni protini, ndicho ghala kubwa la nitrojeni, malighafi ya protini, kwenye jani. Wanasayansi bado wanabishana kila sababu ina uzito gani, nasi hatuna haja ya kuwaamulia.

Namba zenyewe zilitoka mashambani. Mabomba yalizungushwa kwenye mimea iliyo wazi kwa jua, mvua na upepo, yakipuliza hewa ukaa hadi kati ya sehemu 546 na 586 kwa milioni, kiwango kinachotarajiwa kufikiwa katikati ya karne hii. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kisayansi la Nature. Ngano ilipungukiwa zinki kwa asilimia 9.3, protini 6.3 na chuma 5.1. Mpunga ulipungukiwa protini kwa asilimia 7.8, chuma 5.2 na zinki 3.3. Mazao ya jamii ya kunde yalishika protini yake vizuri zaidi, kwa kuwa yana bakteria wa kuyatengenezea nitrojeni mizizini, ila zinki na chuma vilishuka. Mahindi na mtama havikutikisika sana. Mimea hiyo ina namna yake ya kukusanya hewa ukaa ndani ya jani, hivyo nyongeza ya nje haiishtui.

Mwaka 2018 ukaja utafiti mwingine wa aina 18 za mpunga zilizolimwa Japani na China. Vitamini B1 na B2 zilipungua kwa karibu asilimia 17 kila moja, na foleti, ambayo kila mjamzito huhimizwa kuipata, ikashuka kwa asilimia 30. Vitamini E iliongezeka. Hilo la mwisho naomba tusiliruke tunapofundisha, hata kama haliendani na hadithi yetu.

Katika mkutano wa katikati ya mwaka mjumbe mmoja alisimama akasema: asilimia tano ni kitu gani? Mtu si aongeze kijiko tu? Palizuka kicheko, lakini swali lilikuwa zuri. Kijiko cha ziada kinakuja na wanga wake, na anayekula nafaka moja asubuhi, mchana na jioni hana pengine pa kufidia. Watu hao tayari wako ukingoni. Asilimia tano ndiyo inayowasukuma. Makadirio ya 2018 ni kwamba kufikia 2050 watu milioni 175 zaidi wataingia kwenye upungufu wa zinki, na milioni 122 zaidi kwenye upungufu wa protini. Na mtoto aliyepungukiwa zinki haonekani mwenye njaa. Anaugua mara kwa mara na hakui inavyopasa, na nyumbani wanasema ni umbo lake tu.

Jambo moja lilinibadilisha mawazo. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la ngano la majaribio tangu 1843, na sampuli zake zimehifadhiwa. Zinki na chuma kwenye punje havikubadilika sana hadi miaka ya 1960, kisha vikaanza kushuka zilipoingia mbegu fupi zenye mavuno makubwa. Kwa hiyo sehemu ya upungufu tunaouona ni kazi ya mikono yetu kwenye uchaguzi wa mbegu, si ya anga. Kwangu hiyo ni habari njema, kwa sababu mbegu inaweza kuchaguliwa upya. Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016 ilitolewa kwa Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya aina hiyo, ikiwemo viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A.

Joto na ukame hatukuvigusa sana. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi yaliyopigwa na ukame inastahili mwaka mzima peke yake, na napendekeza iwe mada yetu ijayo.

Mambo ya ndani: mahudhurio yalilegea baada ya sakata la kipeperushi kisha yakarudi, ada zinachelewa kama kawaida yetu, nafasi ya katibu msaidizi iko wazi.

Kamati inaleta hoja moja ya kupigiwa kura. Kuanzia sasa, namba yoyote itakayotoka kwa jina la chama iandikwe pamoja na zao lililopimwa, sehemu ya mmea, na kiwango cha hewa ukaa kilichotumika. Mwalimu wetu amekubali kuwa mhakiki wa machapisho, kwa sharti kwamba hata mwenyekiti asipite bila kukaguliwa. Rasimu ya kipeperushi kipya imeambatishwa, tayari ina alama zake za kalamu nyekundu katika sehemu nne. Ongezeni zenu kabla ya siku ya mkutano.