Kwa wanaovuka Mkondo wa Pemba msimu huu wa kusi

Assalaam alaikum wanachama. Kusi limeshika, someni hili kabla ya kung'oa nanga.

Katamarani, chombo chenye bodi (miili) mbili sambamba, hailali upande kama dau, kwa hiyo haikuonyi kwamba tanga limezidi. Tegemeeni kipima upepo. Upepo ukipanda kutoka noti (maili za baharini kwa saa) 20 hadi 28, nguvu yake kwenye tanga huwa karibu maradufu. Punguzeni tanga mapema, kwa jedwali la mtengenezaji, mkihesabu mapigo makali na si wastani.

Kurudi mjini Tanga ndiko kunakodanganya. Upepo wa noti 25 ukitokea tezi (nyuma ya chombo) kwa pembeni, nanyi mnakwenda 8, kipima husoma kama 20 tu, kwa kuwa mnakwenda nao. Mkigeuza omo (mbele ya chombo) kwenye upepo kumfuata aliyeanguka majini, kipima kinapita 30, na tanga lote bado liko juu!

Omo zikichimba mgongo wa wimbi la mbele, mwendo umezidi. Shusheni tanga kuu, kisha buruteni kamba ndefu kutoka tezi, ncha moja kila bodi. Mbao za chini, zile zinazoshushwa majini chini ya bodi, zipandisheni, chombo kiteleze na wimbi badala ya kujikwaa.

Kikipinduka kwa kawaida huelea. Msikiache.