Maji ndani ya majirani

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Sisi wazima. Shemeji yako anasema yale mafuta ya alizeti uliyotuletea kutoka Singida yameshaisha, na kaniagiza niliandike hilo kabla ya mambo ya kompyuta. Nimeliandika.

Sasa hiyo programu yako. Unasema kila ujumbe wa mkulima inauhesabu kuwa wa pembejeo, hata ule wa salamu za Idi. Nilipouona mstari wako nilicheka peke yangu, maana na mimi ulishanitesa:

if "mbegu" or "mbolea" or "dawa" in ujumbe:

Ukimwambia mtu "nitolee jumbe zenye mbegu au mbolea au dawa", anaelewa. Python, lugha tunayoandikia programu, haigawi hilo "zenye" (yaani in) kwa kila neno. Inakutana na "mbegu" peke yake, inaona ni maandishi yasiyo matupu, na kwake kisicho kitupu ni kweli. Inaishia hapo, ujumbe wenyewe haijaugusa. Andika hivi:

maneno = ["mbegu", "mbolea", "dawa"]
if any(neno in ujumbe.lower() for neno in maneno):

Hiyo any inachukua neno mojamoja, inauliza kama limo, ikipata la kwanza inaacha. Ile lower hugeuza herufi zote kuwa ndogo, kwa ajili ya wale wanaoandika herufi kubwa tupu wakikasirika. Na angalia mikato kwenye orodha: mimi niliruka mmoja, Python ikayaunganisha maneno mawili, nikashinda siku mbili natafuta "bombakisima".

Usidhani kazi imeishia hapo. Yangu ilikuwa kuchambua jumbe za wakazi kuhusu maji. Asubuhi moja bosi akasimama na karatasi, akasoma lalamiko ambalo programu ililiweka kwenye fungu la maji: "Majirani wanapiga muziki mpaka alfajiri." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Lakini maji si yamo ndani ya majirani? Yamo kwenye majina, yamo kwenye majibu, na unajua watu wetu, kila ujumbe lazima uishie na "naomba majibu".

Nikabana kwa regex, yaani ruwaza ya kutafutia maandishi, r"\bmaji\b", ambapo \b ni ukingo wa neno. Maji yakatulia. Nikafanya vilevile kwa bomba, jumbe zote za "mabomba" zikapotea. Neno la Kiswahili huvalishwa mbele, kwa hiyo bomba nililiachia wazi upande huo. Lililonitoa jasho ni "katika". Maji yamekatika, ndilo lalamiko lenyewe, ila "katika" haikosi kwenye barua ya mtu yeyote. Mwisho nikaweka kipande "mekatika", ambacho si neno la mtu, kikanasa yamekatika, umekatika na limekatika kwa mpigo. Baadaye nikaongeza "likatika" kwa ajili ya yalikatika.

Kwako wewe chunga dawa, maana limo ndani ya madawati. Wiki ya kwanza usitumie any kabisa. Chapisha [n for n in maneno if n in ujumbe.lower()] uone neno lipi limenasa nini. Ningefanya hivyo mapema, ile karatasi ya bosi isingesomwa.

Kijana mmoja hapa kazini ananisukumia mbinu ya Aho na Corasick ya mwaka 1975, inayopitia maandishi mara moja tu hata maneno yakiwa maelfu. Nzuri, ila wewe una maneno arobaini. Achana nayo.

Nitumie hiyo orodha yote niipitie, hasa yale mafupi ya herufi tatu nne. Na ukipanda basi kuja huku, usisahau dumu.

Mwenzako wa kitanda cha juu.