Sanduku la baba mkubwa

Moshi, 9 Juni

Ndugu yangu Salimu,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima, ila baridi imeingia na mawingu hayabanduki. Mama mpe shikamoo yangu.

Uliniuliza kwenye simu kama nimeshaiuza ile sekstanti ya marehemu baba mkubwa, kile chombo cha mabaharia cha kupimia jua na nyota ziko juu kiasi gani. Sijaiuza. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuja kutoka Arusha, akaipenda palepale. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri, sikufichi, na ada za watoto unazijua. Lakini alitaka chombo peke yake. "Sanduku limeliwa na mchwa, baki nalo uwekee misumari." Hapo ndipo tuliposhindwana.

Mchwa wamekula kona moja tu ya chini. Mengine yote ni mahogani nzima, na ndani vigingi vimechongwa kufuata umbo la chombo, hata usipousogeza mkono wake mahali panapotakiwa, kifuniko hakifungi. Halafu kwenye kifuniko, kwa ndani, kimebandikwa cheti cha National Physical Laboratory, maabara ya vipimo ya Uingereza, karatasi imeshakuwa rangi ya chai. Kina namba, na namba hiyohiyo imechongwa kwenye tao la shaba. Chini yake kuna jedwali: kwenye nyuzi hizi ongeza sekunde kadhaa (vijisehemu vya nyuzi, si za saa), kwenye zile punguza. Makosa ya chombo hiki kimoja, si kingine chochote, yameandikwa ndani ya sanduku lake. Leo nilitupe?

Wiki iliyopita mawingu yalifunguka usiku mmoja nikaijaribu. Huku hatuna upeo wa bahari wa kupimia, kwa hiyo nilimimina oili chafu ya gereji kwenye sinia, ikatulia nyeusi kama kioo. Unapima pembe kati ya nyota na kivuli chake ndani ya oili, kisha unagawa kwa 2. Jua la saa sita nililiacha kwa sababu kwetu liko juu mno: hata Juni linafika nyuzi 63, mara mbili ni 126, na chombo kinakomea 120. (Tao lenyewe ni nyuzi 60, sehemu ya 6 ya duara, ndiyo asili ya jina, ila linasoma hadi 120 kwa sababu mwanga ukipiga vioo viwili pembe inaongezeka maradufu.) Nikachagua nyota ya chini kabisa ya Msalaba wa Kusini, saa mbili na ushee usiku, ilipofika kilele chake angani.

Hesabu ikanipa latitudo ya nyuzi 3 na dakika 30 kusini mwa ikweta. Moshi iko 3 na dakika 21. Dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi, ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa hiyo nimejitupa karibu kilomita 17, katikati ya shamba la miwa la TPC, kusini mwa mji. Nilikosa usingizi. Asubuhi nikakagua sanduku upya, na kwenye kijishimo cha kona nilichodhani ni tundu la mchwa nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti. Kikatoka kifunguo cha shaba, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Ni cha skrubu za vioo, Salimu! Kioo kidogo kilikuwa kimelegea. Ningeliacha sanduku, kifunguo kingekwenda nalo.

Jambo moja linaniuma. Kabla sijajua, nilimpa fundi mmoja asafishe, akasugua shaba kwa dawa ya kung'arishia. Mistari midogo ya vipimo mwishoni mwa tao sasa inasomeka kwa shida, hata kwa lenzi. Ile hairudi. Sanduku sitaruhusu liguswe kwa msasa wala vanishi. Ile kona nitaipaka dawa ya mchwa tu.

Agosti nitashuka Tanga na basi la asubuhi, sanduku nikilipakata mapajani. Tulipime jua likichomoza juu kidogo pale Raskazone, kwenye upeo wa kweli. Nitafutie almanaka ya mwaka huu, kile kitabu cha majedwali ya jua na nyota, kwa wale jamaa zako wa bandarini, ya kwangu ni ya kuazima na mwenyewe ameshaidai.

Nduguyo,
Eliya