Barua ya Istanbul

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Mwangaluka! Najua jua limeshazama, lakini salamu hiyo ya asubuhi ya Kisukuma huko hupewi na mtu. Barua yako niliisomea Mwaloni nikisubiri kupimiwa dagaa, kwa hiyo ukurasa wa pili sasa unanuka Mwanza.

Unasema tasnifu imekwama kwa kuwa vitabu vyako viko uvunguni kwangu. Vipo, panya hawajavigusa. Ila umesahau kwamba Istanbul hiyohiyo uliko ndiko alikokwama Erich Auerbach, yule mhakiki wa fasihi? Myahudi wa Berlin, profesa wa Marburg, Wanazi wakamwachisha kazi 1935. Mwaka uliofuata akapokewa Chuo Kikuu cha Istanbul, akakaa hadi 1947. Wanafunzi wake Waturuki aliwaandikia kitabu cha utangulizi kwa Kifaransa, wakakisoma kwa Kituruki. Lakini *Mimesis*, kitabu chake kuhusu namna fasihi ya Ulaya inavyochora maisha halisi, aliyoiandika kuanzia Mei 1942 hadi Aprili 1945, ni ya Kijerumani. Lugha ya waliomfukuza, ndiyo, lakini na ya mama yake pia. Mwishoni anakiri kwamba maktaba za huko zilimpungukia, na pengine zingejaa asingeiandika kabisa.

Anaanzia wapi sasa? Kwa yaya mzee anayemwosha mgeni miguu. Bibi anapapasa, anagusa kovu, anatambua ni Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, bwana wake wa miaka ile. Mguu unamponyoka, beseni linapinduka, maji chini! Mimi hapo namwona bibi yangu wa Magu na karai lake.

Kinachoniuma ni hiki. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya maji hapa, Ukerewe, Aniceti Kitereza alikuwa akiandika riwaya yake kwa Kikerewe. Akaimaliza 1945, mwaka uleule. Ya Auerbach ilichapishwa Bern 1946. Ya Kitereza haikupata wa kuichapa kwa Kikerewe. Mzee akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Mkimbizi alingoja mwaka mmoja, na aliyekuwa nyumbani kwao akangoja 35. Hebu liandike hilo kwenye tasnifu yako; kwa hilo huhitaji sanduku zima.

Ijumaa kuna mtu anapanda ndege kuja huko, amekubali kunibebea vitabu viwili tu. Kitereza nimeshamfunga kwenye kanga. Cha pili nitajie wewe, na usiniambie kamusi: ile ina uzito wa tofali.

Wako,
wa Kirumba